Tramu Isiyo na Ratiba

Kijana wa kiwanda cha santuri amekuja na kompyuta yake,
kavua viatu mlangoni bila kuambiwa,
akaniuliza kwa adabu iliyonitia wasiwasi:
"Bibi Wacława, upande wa pili, dakika ya sita,
kuna mngurumo. Tuufute?"

Kaa, Ignacy. Kunywa chai kwanza.

Łódź, Februari, mwaka wa sitini na sita.
Ukumbi haukuwa wetu. Mchana ulikuwa wa kwaya ya wafumaji,
jioni wa mikutano; sisi tukapewa masalio,
saa nne hadi alfajiri, mara mbili tu.
Utepe nao ulikuwa wa kuombaomba,
umekwisha tumika redioni kwa habari za mavuno.
Niliufuta kwa sumaku, nikaufuta tena, na bado
ukitega sikio kabla piano haijaanza
kuna bwana anasoma tani za viazi vya sukari,
mbali, kama yumo kisimani.
Huyo mbona hukumuuliza?

Vipaza sauti vitatu, kimoja kina ufa.
Ngoma za Dobrosław zilikuwa zinakula kila kitu,
basi nikamtoa, yeye na matoazi yake, nikamweka koridoni,
mlango wazi kiasi cha viganja viwili.
Akapiga usiku kucha akitazama ukuta wa makoti,
hamwoni mtu. Ndiyo maana anachelewa,
kidogo tu, kama anayeitwa toka chumba cha pili.
Magazeti yakaja kusema ni mtindo.
Mtindo! Ulikuwa ni mlango.

Bomba la joto linagonga: ko, ko-ko, ko,
halijui mapigo manne wala saba.
Tukamwamsha mlinzi alifunge.
Saa moja baadaye pumzi zetu zilikuwa zinaonekana.
Shaba ikipoa, sauti hushuka: tarumbeta ya Seweryn
ikawa chini ya piano kwa unywele mmoja,
na unywele, sikioni, ni gogo.
Baina ya wimbo na wimbo akawa anaiatamia kwapani.
Ludomir akakata vidole vya glavu za mkewe apate kupiga.
Nilisema mama yule ashukuriwe kwenye jalada.
Hawakumwandika.

Na tramu. Kila dakika kumi na nane, ikipinda chini ya dirisha,
tukaijua ratiba yake kuliko nyimbo zetu.
Tunapiga, tunanyamaza, inapita, tunapiga.

Usiku wa pili, utepe umebaki wa dakika tisa.
Wimbo ni ule wa Kajetan, wa besi, usio na jina,
tulioujaribu mara nne ukafa mara nne.
Tramu ya mwisho imekwisha pita. Nikawasha taa nyekundu.

Dakika ya sita ikaja nyingine.
Labda ilikuwa inarudi kulala, tupu, bila abiria.
Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi.
Kupitia tundu la pazia nikamwona Kajetan
akiinamisha kichwa kama aliyeguswa bega,
akaiacha noti yake, akaitafuta ile ya reli.
Akaipata. Akakaa nayo. Akashuka nayo hadi kwenye kona.
Piano ikatulia. Huko koridoni, Dobrosław, asiyeona kitu,
akaweka brashi ya waya juu ya ngozi
akaiburuta mara moja.

Sikubonyeza. Watu hudhani nilijua ninachofanya.
Nilikuwa na baridi, Ignacy, na utepe mwingine haukuwepo.

Kajetan alifariki Novemba ile, mapafu.
Jalada linasema tu: namba tano.

Sasa wewe una mashine ya kuchambua sauti
kama mchele kwenye ungo, punje huku, jiwe kule.
Sawa. Mtoe yule bwana wa viazi, kama unamweza.
Lakini hapa, dakika ya sita, vaa visikizi,
funga macho,
kisha niambie tramu inaishia wapi
na besi inaanzia wapi.
Chai yako inapoa.